Kwa nini shule ya msingi ya "bure" bado humwomba mzazi pesa?

Mzazi wa Likoni au Jomvu, Mombasa nchini Kenya, akiambiwa alete mia mbili za mtihani, wazo la kwanza huwa lile lile: serikali imeshalipa, basi mwalimu mkuu kazila. Wizi ukitokea, ushtakiwe. Lakini hata shule isiyoibiwa senti hupungukiwa.

Ada ilifutwa Januari 2003, serikali ikaanza kutuma pesa kwa kichwa cha kila mtoto: shilingi 1,020 kwa mwaka, baadaye 1,420. Shule ya watoto 600 hupata 852,000, na hapo ndipo watu hudanganyika, maana kwa mkupuo ni pesa nyingi. Zigawe kwa siku 180 hivi za masomo: hazifiki shilingi 8 kwa mtoto kwa siku. Humo mtoke chaki, karatasi, umeme, mlinzi, choo kilichoziba, na maji ya mitungi mfereji ukikauka.

Tazama feri ya Likoni. Apandaye kwa miguu halipi, lakini injini lazima inywe dizeli, abiria wawe 200 au 1,000. Shule nayo ina injini yake. Mlinzi ni mmoja, geti ni moja, paa likivuja huvuja lote. Pesa hufuata vichwa, gharama hufuata jengo, kwa hiyo shule ndogo ndiyo huumia zaidi.

Shule kubwa huumia kwa walimu. Mishahara haimo katika zile 1,420. Hulipwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu. Darasa likifika watoto 80 na mwalimu wa TSC hajaletwa, bodi ya shule huajiri wake, na mfuko unaobaki ni wa mzazi.

Kisha kuna watoto wasiohesabiwa. Mgao hufuata orodha ya wizara kwenye kompyuta, na mfumo huo umekuwa ukidai cheti cha kuzaliwa. Watoto 40 wasio na vyeti hukalia madawati, lakini shule hukosa 56,800. Mitaa ya wapangaji wanaohamahama hupoteza hivi bila kelele. Mgao ukichelewa, mtihani hukopewa karatasi dukani.

Hata hivyo, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 haimwachi mzazi mikono mitupu. Mchango wowote sharti uidhinishwe na Waziri akishauriana na bodi ya elimu ya kaunti, risiti rasmi itolewe, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa kutolipa. Akirudishwa, kosa ni la shule, hata kama hesabu zake ni safi.