Mhadhiri wa mipangomiji: ni nafasi gani, na chuo cha Kanda ya Ziwa kimpateje

Mhadhiri wa mipangomiji ni mwajiriwa wa chuo kikuu mwenye majukumu matatu ndani ya ajira moja: kufundisha, kufanya utafiti, na kutoa huduma za kitaalamu nje ya chuo, iwe kwa halmashauri, wizara au wananchi. Kufikia hapo hajatofautiana na mhadhiri wa sheria au wa uchumi. Kinachomtofautisha ni studio.

Studio ni somo ambalo wanafunzi hupewa eneo halisi, wakalitembelea, wakakusanya taarifa zake, wakachora mpango na kuutetea. Humo mhadhiri hasimami mbele ya ukumbi. Anakaa na mwanafunzi mmoja mmoja juu ya mchoro, anauliza kwa nini barabara imepita hapa, maji ya mvua yataelekea wapi, shule imewekwa karibu na nani. Chukua darasa la wanafunzi 60, kila mmoja akapata dakika 15 kwa wiki: hizo ni saa 15 za kusahihisha tu, kabla ya mihadhara, mitihani na utafiti. Mtu mmoja hazimudu. Wakiwa watatu, kila mmoja ana saa 5, na hapo kazi inafanyika. Chuo kinachopanga wahadhiri kwa kuhesabu majina ya masomo huiona studio kama somo moja, kikaipa mhadhiri mmoja, na matokeo yake ni wahitimu waliochora miaka yote bila kukosolewa.

Vyeo vyenyewe vinajulikana: mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa. Mkufunzi msaidizi huingia na shahada ya kwanza, mhadhiri msaidizi na uzamili, mhadhiri na uzamivu. Matangazo ya vyuo vya umma kwa kawaida hudai GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.8 kwa shahada ya kwanza na 4.0 kwa uzamili, kati ya 5. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5, kwa hiyo mwenye 3.6 ana shahada nzuri, ila mlango huu haumfungukii. Kwa fani ya studio sharti hili linabana sana, maana alama za kuchora na kutetea mpango hazipandi kirahisi kama za mtihani wa kuandika, na wengi waliobobea kwenye kazi hukwama hapo hapo.

Safari ya nafasi moja huanza mbali kabla ya tangazo. Idara inaandika upungufu wake, upungufu unaingizwa kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, na kwenye bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai, kisha kinasubiriwa kibali cha ajira kutoka Ofisi ya Rais, Utumishi. Kibali kikitoka, nafasi za vyuo vya umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hupokelewa kwenye mfumo wake wa mtandaoni. Vyuo binafsi hutangaza vyenyewe, ila navyo vinabanwa na vigezo vya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU.

Waombaji wengi huanguka kwenye mambo madogo. Barua isiyosainiwa huondolewa. Hati ya matokeo ya muda haikubaliwi mahali pa cheti. Aliyesoma nje ya nchi asipoambatisha uthibitisho wa TCU kuhusu shahada yake, hata uzamivu haumsaidii. Mtumishi wa umma anatakiwa kupitisha barua kwa mwajiri wake, na asiye mtumishi asizidi umri wa miaka 45. Raia wa kigeni anahitaji kibali cha kazi na cha ukaazi, na chuo kianze kuvishughulikia mapema, siyo baada ya muhula kufunguliwa.

Kwa upande wa chuo, kosa zito ni ikama inayojaa majina huku studio ikiwa tupu. Mhadhiri msaidizi anaajiriwa, baada ya muda anakwenda kusoma uzamivu, miaka mitatu au minne. Mshahara unaendelea, nafasi inahesabika imejazwa, na hakuna kibali cha kumleta mwingine. Wakiondoka wawili kwa mpigo katika idara ya watu sita, theluthi ya nguvu imekwenda. Dawa yake ni idara kuwa na ratiba ya masomo ya watumishi, asiruhusiwe wa pili kuondoka kabla wa kwanza hajakaribia kurudi, na pengo lijazwe na wahadhiri wa muda wenye mikataba ya maandishi. Kustaafu nako kunatabirika: maprofesa na wahadhiri waandamizi wa vyuo vya umma wanastaafu kwa lazima wakiwa na miaka 65. Tarehe hizo zimo kwenye majalada. Haipendezi zikimkuta mkuu wa idara ameshtuka.

Kwa Mwanza jambo hili ni la sasa hivi. Chuo Kikuu Ardhi, chenye makao yake Dar es Salaam, kinajenga kampasi Sengerema kupitia HEET, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini cha Dodoma kina kituo chake Mwanza. Majengo hupatikana kwa mkopo na mkandarasi. Mtu wa kuketi na mwanafunzi juu ya mchoro haletwi hivyo.

Tena asiletwe yeyote tu. Tangazo linaloandika "mhadhiri wa mipangomiji" na kuishia hapo huvuta kila mtu na kuziba pengo lisilokuwepo. Idara ya huku inapaswa kutaja umahiri inaoutaka, na ardhi yenyewe inauonyesha. Kwanza ni makazi ya milimani. Igogo, Mabatini na vilima vingine vya Mwanza vimejengwa juu ya mawe ya matale, ambako kuchimba choo ni shida na gari halifiki kwenye nyumba nyingi. Anahitajika mtu anayeijua mitandao ya majitaka ya mabomba membamba, njia za ngazi, na urasimishaji wa makazi usioanza kwa kubomoa. Pili ni ufukwe. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, na Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda yakapita kidogo rekodi ya 1964. Swali la mita 60 zihesabiwe kutoka mstari upi ni utafiti kamili wa mtu. Tatu ni jiji moja lenye halmashauri mbili. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 594,834 Nyamagana na 509,687 Ilemela, na mpango kabambe wa 2015 hadi 2035 unazihusu zote mbili. Barabara, bomba na korongo havijui mpaka wa halmashauri, na mtaalamu wa utawala wa miji ana kazi ya kutosha hapo. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, nalo litabadilisha bei na matumizi ya ardhi pande zote mbili za Ghuba ya Mwanza, na anayetaka kuyapima mabadiliko hayo aanze kukusanya takwimu mapema.

Kwenye usaili, mhadhara wa majaribio wa dakika 20 wenye slaidi unaonyesha kama mtu anaweza kuzungumza. Hauonyeshi kama anaweza kufundisha studio. Mpe mchoro wa mwanafunzi. Mathalani karatasi ya skeli 1:2,500, kontua (mistari ya mwinuko) za kila mita 2, na barabara iliyochorwa ikipanda mlima moja kwa moja. Mwombaji mzuri atashika rula kabla ya kusema. Ataona milimita 16 kwenye karatasi, yaani mita 40 ardhini, zina kupanda kwa mita 10: mteremko wa asilimia 25. Atasema boza la maji au gari la zimamoto litapata tabu hapo, na mvua ikinyesha barabara itageuka mfereji. Kisha, na hapa ndipo pa kuangalia kwa makini, atamuuliza mwanafunzi angeifanyaje, au ataikunja barabara ifuate kontua na kuacha njia ya ngazi kwa waenda kwa miguu. Anayesifia rangi za mchoro, au anayesema tu "rudia", ameshajibu.

Umuulize pia kama amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wataalamu wa Mipangomiji. Sheria Na. 7 ya 2007 ndiyo inayosimamia usajili huo, na Sheria Na. 8 ya mwaka huo huo ndiyo ya mipangomiji yenyewe. Asiyesajiliwa anaweza kufundisha vizuri, lakini idara isiyo na hata mmoja aliyesajiliwa itapata ugumu kuandaa mipango inayotakiwa kubeba muhuri wa mtaalamu, na huduma kwa jamii, lile jukumu la tatu, itabaki kwenye karatasi.

Maafisa mipangomiji wa halmashauri wasisahaulike. Wengi wana miaka mingi ya kazi na mafaili ya migogoro halisi, ila GPA au umri unawazuia kuajiriwa kama wahadhiri. Wanaweza kuja kama wakosoaji wa michoro siku za utetezi, au wahadhiri wa muda kwa studio moja, kwa kibali cha mwajiri na malipo yaliyoandikwa.

Mhadhiri mpya akishapatikana, mwaka wa kwanza ndio unaoamua kama atabaki. Kupanda cheo kunadai machapisho, na kwa kawaida miaka 3 kwenye cheo alichonacho; akibebeshwa studio tatu na usimamizi wa mafunzo kwa vitendo, hataandika kitu, na chuo kingine kitamchukua. Apewe studio moja, somo moja la mihadhara, na siku moja ya wiki isiyoguswa kwa utafiti. Idara imwandalie kabla hajafika barua ya makubaliano na halmashauri inayomruhusu kupata picha za anga, ramani za upimaji na takwimu za viwanja. Kufuatilia barua hiyo peke yake, ofisi hadi ofisi, kunaweza kummalizia muhula mzima.