Muogeleaji asiyeona anahitaji tapa kwanza, medali baadaye

Wazazi wa hapa Kisumu wakinipigia kuhusu mtoto asiyeona anayetaka kuogelea, swali la kwanza ni moja tu: kocha, si atazama? Nawaelewa kabisa, sisi watu wa ziwani tumezika wengi. Lakini hilo la kuzama tunalimaliza mapema kwa mafunzo, sawa na mtoto mwingine yeyote. Kinachoamua kama atafika mbali ni ukuta wa bwawa, na mtu wa kumjulisha umekaribia, yaani tapa.

Anayeona anafuata ule mstari mweusi chini ya bwawa, ukifika mwisho anajua ageuke. Asiyeona anahesabu kila mkono anaovuta maji tangu aanze, na hesabu inakubali akiwa na nguvu, alafu akichoka kila mkono unamsogeza kidogo kuliko ule wa kwanza na hesabu yote inavurugika. Akigonga kichwa mara moja tu, basi kila raundi ataanza kupunguza spidi mapema kwa woga, na sekunde zinaishia hapo. Bado kamba za leni, zile zinazotenganisha njia za waogeleaji, angalia mikono ya binti ninayemfunza, imechubuka kuanzia vidole hadi kiwiko manake akipinda kidogo anajikwaruza, na hajawahi kuniomba apumzike kwa sababu hiyo.

Ndio maana kuna tapa. Anasimama ukingoni na fimbo ndefu yenye kitu laini mwishoni (yetu ni ya kuvulia samaki, tumeifunga sponji) na anamgusa muogeleaji kichwani au mgongoni ukuta ukikaribia. Kwa fristaili mtu anazoea haraka. Mtindo wa kipepeo ndio kazi, mwili unapanda unashuka, ukichelewa kidogo tu mikono yote miwili inaenda moja kwa moja kwa ukuta. Kwa hivyo tapa si mtu wa kuokota siku ya mashindano ati kwa sababu yuko tu hapo, lazima afanye mazoezi na huyo mtoto mpaka ajue mwendo wake akiwa freshi na akiwa amechoka, na wawe wawili, mmoja kila upande.

Kimataifa wenye shida ya macho wako klasi tatu, S11, S12 na S13, namba ikipanda mtu anaona zaidi. S11 ndio wasioona kabisa au karibu kabisa, wanavaa miwani iliyozibwa nyeusi ili anayeona mwangaza kidogo asimzidi mwenzake, na tapa kwao ni lazima. Hapo ndipo alipoogelea Anastasia Pagonis wa Marekani, Paralimpiki za Tokyo mwaka 2021, akiwa na miaka 17 tu, akachukua dhahabu ya mita 400 fristaili kwa dakika 4:54.49, rekodi ya dunia. Nikisoma huo muda naona pia wale waliosimama na fimbo huko mwisho, manake mbio hiyo kwa bwawa la mita 50 ina kona saba, na kila kona kuna mtu alimgusa kwa wakati wake.

Kuna macho yanayoendelea kufifia, mtoto anaanza S13 na miaka ikienda anajikuta S11. Huyo nawaambia wazazi tumzoeshe tapa sasa hivi akiwa bado anaona kidogo, asije akajifunza upya wakati tayari amevunjika moyo. Ukija naye, beba ripoti ya daktari wa macho, na uje na kaka, dada au binamu mwenye subira ambaye anaweza kufika mazoezini kila wiki, huyo nitampa fimbo siku hiyo hiyo.