Kuishi pamoja kikristo sio tatizo, we angalia wanaoondoka wanaondokaje

Simu nazopigiwa siku hizi nyingi zinafanana. Mzazi wa Buzuruga au Igoma, saa nyingine anapiga toka Sengerema, anasema mwalimu, binti yangu kahamia kwenye kambi ya maombi huko, wanalala hukohuko, wanapika chungu kimoja, hela wanaweka pamoja, sasa hawa si ndo kama wale wa Shakahola kule Kenya, waliofunga mpaka kufa? Mi nafundisha historia ya kanisa na sosholojia ya dini hapa Mwanza, na jibu langu huwa linawakera kidogo, maana nawaambia hayo yote mliyonitajia bado hayajanionyesha kama kuna ubaya au hamna.

Kwasababu masista nao wanaishi hivohivo. Nenda nyumba yoyote ya malezi ukamwone mnovisi, yaani anayejiandaa kuwa sista, mara nyingi simu hana, hela mfukoni hana, anaamka kabla ya jogoo, kwenda mjini mpaka aombe ruhusa, ukimwangalia kwa nje unaweza kusema huyu kafungwa. Ila nyuma yake kuna sheria za Kanisa Katoliki zinazomlinda na watu wengi hawazijui: unovisi haupungui miezi 12, nadhiri za kwanza ni za muda na zinachukua angalau miaka 3, na za daima haruhusiwi kuweka kabla hajatimiza miaka 21. Mali zake kabla ya nadhiri za kwanza anamkabidhi amtakaye azisimamie, hata kaka yake wa Ukerewe, sio lazima shirika. Halafu mkubwa wake anakatazwa kabisa kumshawishi amfungulie siri za dhamiri yake. Sasa linganisha na kikundi ambacho mtu kaalikwa Jumapili, Ijumaa kashauza pikipiki.

Kuna kitu kwenye kanuni ya Mtakatifu Benedikto nakipenda sana, ile ya karne ya 6 wanayofuata mpaka leo watawa wa Ndanda na Peramiho. Inasema mgeni akija kutaka kujiunga asipokelewe kirahisi, aachwe abishe hodi siku nne tano, halafu ndani ya mwaka asomewe kanuni nzima mara tatu, na mara ya kwanza tu anaambiwa ukiweza kuishika ingia, ukishindwa ondoka, uko huru. Akishakubaliwa anavuliwa nguo alizokuja nazo anavishwa za monasteri, ila zile zake hazitupwi wala hazigawiwi, zinawekwa stoo, ili ikitokea siku moja akaamua kuondoka arudishiwe. Yaani suruali yako ipo, inakusubiri. Na ukiondoka ukajuta, unaweza kupokelewa tena hadi mara ya tatu.

Kwangu mimi kipimo kikubwa kiko hapo. Mafundisho mtabishana mpaka kesho, lakini anayetaka kuondoka anafanywaje ni jambo linaloonekana kwa macho.

Niliwahi kwenda na mama mmoja kumtembelea mwanae kwenye kambi upande wa ziwani, jina naliacha. Watu wakarimu kweli, tulipewa chai na mihogo, kina dada wanaanika dagaa huku wanaimba, ukweli nilipapenda. Ila getini kulikuwa na kaunta buku, kuna safu ya jina, ya saa ya kuingia na ya saa ya kutoka, nikasaini huku nafunua kurasa za nyuma kimyakimya, ile safu ya kutoka ilikuwa nyeupe ukurasa baada ya ukurasa. Pembeni ya mlinzi ndoo ya plastiki imejaa simu, kila moja imebandikwa plasta yenye jina. Simu kuzuiwa peke yake haikunitisha, nimeshasema wanovisi nao hawana, nilichouliza ni mtu akiitaka yake leo anapewa? Mlinzi akacheka, akasema hapa hamna anayeitaka. Yule binti nae tuliongea nae mbele ya mlezi wake muda wote, kila swali anamwangalia mlezi kwanza ndo anajibu.

Ukisoma majanga makubwa utaona yanalipuka mtu anapotaka kutoka au anapodai chake. Kanungu, Uganda, kwenye kundi moja la dini watu waliuza mashamba na mifugo wakakabidhi hela, wakakatazwa hata kuongea wakawa wanatumia ishara za mikono, viongozi wakatabiri dunia inaisha mwisho wa 1999, haikuisha, baadhi wakaanza kudai mali zao, na tarehe 17 Machi 2000 kanisa likachomwa moto watu wakiwa ndani, madirisha yamepigiliwa misumari. Mamia walikufa, na baadae miili mingine ikafukuliwa kwenye nyumba za viongozi. Guyana 1978 kwenye kambi ya mhubiri wa Kimarekani Jim Jones ni hivyohivyo, mbunge wa Marekani Leo Ryan alienda kuwatembelea, watu kumi na kitu wakaomba waondoke nae, akapigwa risasi kiwanja cha ndege na siku hiyohiyo zaidi ya watu 900 wakafa, wengi kwa sumu, watoto wamo. (Na wale wa Kanungu walikuwa wamesajiliwa kisheria, kwahiyo cheti cha usajili kilichotundikwa ukutani kisikulaze usingizi.)

Viongozi wa kambi watakujibu kwa Matendo ya Mitume, Wakristo wa kwanza walikuwa na vitu vyote shirika, yaani vya wote. Sawa, msomeni mpaka mwisho basi! Sura ya 5 Petro anamwambia Anania kwamba kiwanja kilikuwa chake, na hata baada ya kuuza hela ilikuwa mikononi mwake, kosa lake ni uongo. Sura ya 12 Mariamu mama yake Yohana Marko bado ana nyumba yake Yerusalemu na watu wanasali humo. Na sura ya 6 ndo tamu zaidi, wajane wa Kiyunani wanasahauliwa kwenye mgao, watu wananung'unika, mitume hawakusema hawa wana roho ya uasi, hawakuwatishia na ile ya msiwaguse masihi wangu, waliwaambia watu wachague wenyewe saba wasimamie. Kwenye kambi ya mwanao jaribu kuuliza sadaka ya mwezi jana imetumikaje, kisha sikiliza sauti inavyobadilika.

Kwa mzazi, usiende na ndugu kumi kufanya fujo getini, na usimwambie mtoto karogwa, hapo unamthibitishia kwamba nyumbani ni kwa adui kama alivyofundishwa. Piga simu, tuma nauli, mwambie kuna msiba au harusi njoo siku mbili, uone kama anaruhusiwa na akirudi anapokelewaje. Lakini ukisikia mgonjwa ananyimwa hospitali, au watoto wametolewa shule, au watu wanafungishwa kavu, bila chakula wala maji, mpaka wanaanguka, maongezi yaishie hapo. Shakahola kulianza na kukataa shule na hospitali, na kuanzia Aprili 2023 ikafukuliwa miili zaidi ya 400. Nenda polisi na kwa afisa ustawi wa jamii wa kata siku hiyohiyo, na kama kuna mtoto piga 116, ni bure.