Mizimu ya Pac-Man haibahatishi: uongo tuliouzoea kuhusu magemu ya zamani ya sarafu

Kuna maneno mengi sana yanazunguka kuhusu yale magemu ya mwanzo ya mashine za sarafu, zile za ukumbini unazotumbukiza sarafu ndo ucheze, yale ya kukimbizana kwenye vichochoro na yale ya kutungua viumbe vya angani, na mengi si kweli. Linaloniuma zaidi ni hili la "ile ni bahati tu, ukipona umepona". Jamani hapana. Yale magemu yana sheria zake, zimepangwa na watu waliokaa wakafikiri, na ukizijua unacheza tofauti kabisa.

Chukua Pac-Man, gemu la kumwendesha kiumbe anayekula vidoti vichochoroni huku mizimu minne ikimkimbiza, na hii dhana kwamba mizimu hiyo inazurura ovyo. Pac-Man ilitoka Japani mwaka 1980, kampuni ni Namco, mbunifu ni Toru Iwatani, na kila mzimu ulipewa tabia yake. Ukitazama vile vichochoro kama sakafu ya vigae utaelewa haraka. Blinky, yule mwekundu, anataka kigae ulichosimama wewe, basi. Pinky analenga vigae vinne mbele ya unakoelekea, ndo maana unajikuta umebanwa, mwekundu nyuma wa pinki mbele, na wala hawajapanga njama, kila mmoja anafuata hesabu yake. Inky wa bluu ndo mgumu kumsoma: anatazama sehemu iliyo vigae viwili mbele yako, anavuta mstari kutoka alipo Blinky mpaka hapo, kisha anaurefusha mara mbili, mwisho wa huo mstari ndo anakokwenda, kwa hiyo Blinky akiwa mbali Inky naye anaenda pasipoeleweka, Blinky akikukaribia Inky naye anakuja. Clyde wa rangi ya chungwa akiwa mbali nawe zaidi ya vigae 8 anakufuata kama Blinky, akikukaribia anaghairi anarudi kwenye kona yake ya chini kushoto.

Halafu kuna zamu. Leveli ya kwanza inaanza kwa sekunde 7 ambazo kila mzimu unaelekea kona yake, zinafuata sekunde 20 za kukukimbiza, halafu tena kona, tena kukimbiza. Ukiona yote imegeuka ghafla kurudi ilikotoka na hujameza kidonge kikubwa (kile kinachogeuza mizimu iwe ya bluu), ujue zamu imebadilika.

Sasa kubahatisha kupo sehemu moja, pale unapomeza kidonge kikubwa, mizimu yote inakuwa ya bluu na inakukimbia, hapo inachagua njia kwa namba za kubahatisha. Ila hata hizo namba zinaanza upya vilevile kila unapoanza leveli au unapofufuka, so ukipita njia ileile kwa muda uleule mizimu inafanya yaleyale. Ndo siri ya wale mabingwa wa miaka ya 80 waliokariri njia kona kwa kona. Na ukitaka mbinu ya bure ya leo: Pinky akikujia uso kwa uso usikimbie haraka, mwelekee, maana vile vigae vinne mbele yako vinaangukia nyuma yake, mara nyingi ataingia njia nyingine kwenye kona. Uwe na njia ya kutokea lakini. Kuna hadi kosa la programu humo ndani, ukiwa unaelekea juu hesabu ya Pinky inaangukia vigae vinne juu na vinne kushoto badala ya juu tu.

Wengine wanasema mashine "ilibagi" au iliwahurumia walipopita katikati ya mzimu wakatoka wazima. Haikukuhurumia. Mashine inaangalia kama wewe na mzimu mko kigae kimoja, sasa mkibadilishana vigae kwa wakati mmoja kabisa, mashine haiwaoni mkiwa kigae kimoja na unapita.

Kwa Space Invaders ya kampuni ya Taito, 1978, gemu la kutungua wavamizi wa angani wanaoshuka kwa safu, dhana iliyoota mizizi ni kwamba ile kasi inayopanda kadiri unavyowaua ilipangwa tangu mwanzo ili ikutese. Ukweli ni mtamu zaidi. Tomohiro Nishikado alitengeneza programu na hata mitambo yake mwenyewe, prosesa, yaani ubongo wa mashine, ikiwa Intel 8080, na ile prosesa ilikuwa inazidiwa kuchora wavamizi 55. Ukiwapunguza kazi inapungua, waliobaki wanachorwa haraka zaidi, yule wa mwisho anakimbia kama mwizi aliyepigiwa kelele. Nishikado akaona kumbe inanogesha, akaiacha. Akili yake ilikuwa kutambua kwamba udhaifu wa mtambo ni utamu wa gemu, na hiyo kwangu ni sifa kubwa kuliko kama angeipanga.

Kwenye gemu hilohilo watu wanaamini ile sahani nyekundu inayopita juu inatoa pointi kwa bahati nasibu. Siyo. Inategemea umeshapiga risasi ngapi. Risasi ya 23 ikiipata ni pointi 300, baada ya hapo kila ya 15. Kaa uhesabu risasi zako uone.

Na ile stori kwamba Japani iliishiwa sarafu za yeni 100 kwa sababu ya Space Invaders, inarudiwa kila mahali mpaka kwenye vitabu. Fikiria kidogo tu: mwenye mashine anafungua sanduku, anabeba sarafu anapeleka benki, zinarudi mtaani, zitaishaje? Tena sarafu za yeni 100 zilizofyatuliwa mwaka 1978 na 1979 zilikuwa pungufu kuliko za 1977, wakati nchi yenye uhaba ingeongeza. Gemu lilikuwa maarufu mno, halihitaji kutiwa chumvi.

Rangi nazo. Mashine nyingi za mwanzo za Space Invaders zilikuwa na kioo cheusi na cheupe, rangi ulizoziona ni karatasi za plastiki zilizobandikwa juu ya kioo. Kila kiumbe kuwa na rangi yake halisi ndo hiyo ya Galaxian, gemu jingine la kutungua viumbe vya angani, Namco, 1979.

Pong ya 1972, lile la kurushiana mpira kama tenisi ya meza, siyo gemu la kwanza la video, wala siyo mashine ya kwanza ya sarafu. Spacewar! ilikuwa inachezwa chuo cha MIT cha Marekani mwaka 1962 kwenye kompyuta ya PDP-1, na Computer Space ya Nolan Bushnell na Ted Dabney iliingia sokoni 1971. Zote mbili za vyombo vya angani na risasi, so hizi za kupiga risasi ndo kaka mkubwa.

Kuna wanaosema yalikuwa mambo ya wavulana tu. Iwatani mwenyewe alieleza kwamba Pac-Man aliitengeneza akitaka wanawake nao waingie kwenye kumbi za magemu, ndo maana ni kula, siyo kuua. Centipede ya Atari, 1981, iliandikwa na mwanamke, Dona Bailey, akiwa na Ed Logg. Na Ms. Pac-Man, ile ambayo shujaa wake ni wa kike, wengi wanadhani ni kazi ya Namco, kumbe ilianzia kwa vijana wa Marekani wa kampuni ya GCC waliokuwa wamerekebisha Pac-Man wakaiita Crazy Otto, kisha Midway, kampuni iliyokuwa ikiuza Pac-Man Marekani, wakaichukua.

Polybius, ile mashine ya serikali iliyowachanganya akili watoto wa Portland, Marekani, mwaka 1981? Haipo. Hakuna mashine, hakuna picha, hakuna gazeti hata moja la wakati ule lililoitaja.

Ya mwisho ni kwamba Pac-Man haina mwisho. Waliotengeneza hawakuweka mwisho kweli, ila namba ya leveli imehifadhiwa kwenye biti 8 tu, yaani nafasi isiyoweza kubeba namba zaidi ya 255, kwa hiyo ukifika leveli ya 256 hesabu inapinduka, sehemu inayochora matunda inachora kupita kiasi na nusu ya kulia ya skrini inajaa herufi na takataka. Vidoti vinavyobaki havitoshi kumaliza leveli, huendi popote. Ukila kila kidoti, kila tunda na kila mzimu wa bluu mpaka hapo bila kufa hata mara moja, ukaokota na vidoti vilivyojificha kwenye ile takataka kwa kila uhai uliobaki nao, unapata 3,333,360, na hakuna anayeweza kupata zaidi.