Dar mpaka Moro kwa elfu nne? Tupige hesabu ya gari la umeme vizuri

Wiki hizi simu zinazoingia ofisini kwetu TANESCO zinafanana kweli, mtu anapiga anasema nimetumiwa meseji kwenye grupu kwamba gari la umeme linatoka Dar mpaka Morogoro kwa elfu nne na kitu, je ni kweli, nikiagiza leo mtanihakikishia? Ndugu zangu, umeme ni nafuu kuliko petroli, hilo halina ubishi, lakini hiyo elfu nne haipo.

Aliyeandika ile meseji kachukua kilomita 190, kapata kama uniti 36, kazidisha kwa 122. Hiyo 122 ni bei ya umeme ya kundi la D1, yaani shilingi 100 ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, na imewekwa kwa mwananchi wa matumizi madogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Ukizidi, kila uniti ya ziada inakatwa kwa 350 kabla ya kodi, ambayo ni 427 ukishaweka zote, na ukiendelea kuzidi unahamishiwa T1, kundi la matumizi ya kawaida, ambako uniti ni 292, yaani 356.24 na kodi zake. Tunalisema hili kila siku na bado kuna mtu anakuja dirishani anadai kaibiwa uniti! Hujaibiwa, umetoka kwenye kundi. Gari linalotembea kilomita elfu moja kwa mwezi linakula kama uniti 190, sasa D1 utakaaje?

Kuna mwenzetu ana gari dogo la umeme analichaji nyumbani, tukamwomba atuandikie kila kitu. Saa tatu usiku kwenye rimoti ya LUKU zilikuwepo uniti 143.6, taa na friji zipo kwenye mita nyingine kwa hiyo hapo ni gari peke yake, kuamkia saa moja asubuhi zimebaki 121.2. Zimeenda 22.4, lakini dashbodi inaonyesha kwenye betri zimeingia 20 tu, zile 2.4 zimepotelea kwenye joto la chaja, na ndizo watu wote wanazisahau wakati LUKU haizisahau. Kwa chaji hiyo katembea kilomita 118 mpaka betri ikarudi ilipokuwa. 22.4 mara 356.24 ni kama 7,980, gawa kwa 118 unapata shilingi 68 kwa kilomita.

Petroli sasa. Bei kikomo inatangazwa na EWURA Jumatano ya kwanza ya kila mwezi kwa hiyo mimi hapa naweka 3,000 ili hesabu iwe rahisi, wewe weka ya mwezi wako na ya mji wako maana ukitoka bandarini kwenda bara inapanda. Gari dogo la kilomita 12 kwa lita kwenye foleni zetu ni 250 kwa kilomita. Kituo kikikuuzia juu ya bei kikomo hilo ni kosa kisheria, dai risiti, piga picha bango la bei, peleka malalamiko EWURA na tarehe na jina la kituo, bila risiti mnabaki mnabishana tu.

Halafu kuna gesi, na hapa naomba tuelewane, wanaosoma mitandao ya Marekani wakikuta "gas" wajue wenzetu wa huko wanamaanisha petroli, siyo ile gesi ya magari inayojazwa Ubungo. Gesi yetu asilia ni kama 1,550 kwa kilo, kilo moja inakupeleka kama kilomita 17, hiyo ni 91 kwa kilomita. Haiko mbali na umeme, ila foleni ya kujaza mnaijua wenyewe, na dereva wa teksi aliyekaa saa mbili kwenye foleni kapoteza hela pia hata kama haionekani kwenye risiti.

Kwa hiyo Dar mpaka Moro kwa hesabu hizi ni karibu 13,000 kwa umeme, 17,000 kwa gesi, 47,500 kwa petroli. Hapo ni nishati tu, sijagusa bei ya gari, betri wala kufunga mtungi wa gesi.

La mwisho ni waya. Gari linavuta umeme mkubwa saa kumi mfululizo, na watu wanalichomeka kwenye ekstensheni ya dukani iliyopitishwa dirishani, asubuhi plagi imeyeyuka, wanatupigia kwamba umeme wetu ni mbovu. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye meinswichi. Ukitaka umeme wa njia tatu (three-phase) unaomba kupitia NIKONEKT, mfumo wetu wa maombi mtandaoni, kwa namba yako ya NIDA, anakuja mpimaji, unapewa control number, unalipia, ndipo mita inabadilishwa. Usimpe mtu hela mkononi, na usimruhusu yeyote kuruka mita ili gari lichaji bure, kwa sababu hilo ni kosa chini ya Sheria ya Umeme ya 2008, unakatiwa, unalipishwa umeme wote uliotumia na mahakamani unapelekwa wewe mwenye nyumba, siyo fundi peke yake.