Lugha ya mama ni ipi kwa mtoto wa Nairobi?

Mtoto kazaliwa Umoja. Baba ni Mbukusu, mama ni Mkamba, na tangu siku ya kwanza wawili hao wamezungumza Kiswahili. Nyumbani ni Kiswahili, darasani Kiingereza, nje ya geti Sheng. Ukimuuliza lugha yake ya mama, atakujibu Kibukusu, lugha ambayo hana hata ya kuombea maji.

Hajasema uongo. Ameulizwa kwa jina lenye maana zaidi ya moja.

Katika isimu, lugha ya mama ni ile mtu anayoipata kwanza utotoni, bila kufundishwa. Mama anatajwa kwa sababu mara nyingi ndiye wa kwanza kuzungumza na mtoto. Ukoo wake hauhusiki. Kwa maana hiyo, lugha ya mama ya mtoto huyu ni Kiswahili.

Watu wengi hawakusudii hivyo. Wanataka kujua kabila, na kwa kuwa kabila kwetu kwa kawaida hufuata upande wa baba, "lugha ya mama" inageuka kuwa lugha ya baba! Kikamba ambacho mama hukisema na dada zake kwenye simu, na ambacho mtoto anakidaka nusu nusu, hakihesabiwi. Hapo ndipo tunawaonea watoto: tunawaaibisha kwa lugha ambayo hakuna aliyeizungumza nao, na ile waliyo nayo tunaiona si kitu.

Shule nayo ina maana yake. Ripoti ya Gachathi kuhusu elimu nchini Kenya, ya mwaka 1976, ilipendekeza madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo shule ilipo. Kijijini Bungoma, kwa Wabukusu, hilo linaeleweka. Nairobi, mji uliochipuka kwenye kambi ya reli mwaka 1899 na kupewa jina la Kimaasai la maji baridi, eneo halina mwenyewe mmoja. Kiswahili ndicho kimechukua nafasi hiyo, pale ambapo Kiingereza hakijakitangulia.

Anayetaka kuona lugha ya mama kwa maana zake zote aende Kibra, mtaa wa Nairobi. Wanubi wa huko ni kizazi cha askari kutoka Sudan waliotumikia jeshi la Waingereza, wakapewa makao mwanzoni mwa karne iliyopita kwenye ardhi iliyokuwa msitu. Jina Kibra linatokana na neno lao la msitu. Askari hao walikuwa na lugha mbalimbali, wakaunganishwa na Kiarabu cha kambini. Watoto wao wakakipokea, wakakikuza, kikawa Kinubi. Yaani lugha hii imezaliwa na uhamiaji wenyewe. Miaka mingi Wanubi waliitwa wageni, wakasumbuliwa kupata vitambulisho, na hati ya ardhi ya jamii, ekari 288, waliipata mwaka 2017 tu. Hata hivyo kuna nyumba huko ambako nyanya, mama na mjukuu wanaelewana kwa lugha moja, jambo ambalo familia nyingi za wanaoitwa wenyeji haziwezi tena.

Je, Sheng inaweza kuwa lugha ya mama? Mtoto akiipata kwanza, ndiyo, ingawa hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 44, inampa kila mtu haki ya kutumia lugha anayoitaka. Lakini lugha inataka mtu wa kuzungumza naye kila siku, si wiki mbili za Desemba. Mtoto wetu wa Umoja akifika Bungoma, anajua kusema "kukhu," yaani nyanya, na kukhu anajua jina lake. Mengine yote yanapitia kwa baba, akitafsiri huku na huku. Baba akitoka kuona ng'ombe, wawili hao wanabaki jikoni wakiangaliana na kutabasamu.