Uzito wa mashindano: maswali ya wakimbiaji wa Bukavu

Maswali haya yanatoka kwa vijana wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wanaokimbia mbio ndefu, wale unaowakuta alfajiri wakipanda kuelekea mtaa wa Kadutu hata chai hawajanywa. Wengi huniuliza habari za kilo. Wachache sana huniuliza wale nini, na mimi naona shida kubwa iko huko.

Dada, nimesoma kwamba Kipchoge ana kilo 52. Mimi nina 61. Nishuke hadi 52?

Kwanza niambie urefu wako. Eliud Kipchoge, mkimbiaji wa marathoni wa Kenya, anatajwa kuwa na urefu wa karibu mita 1.67. Ukigawanya kilo 52 kwa urefu huo uliozidishwa kwa wenyewe, unapata 18.6. Shirika la Afya Duniani linahesabu chini ya 18.5 kuwa uzito pungufu kwa mtu mzima, kwa hiyo yeye yuko juu kidogo tu ya mpaka. Tuseme wewe una mita 1.78: ukifika kilo 52, hesabu inatoa 16.4. Hapo umeshakuwa mgonjwa, hata kama bado unakimbia.

Kumbuka pia kwamba Kipchoge alishakuwa bingwa wa dunia wa mita 5000 mwaka 2003. Mwili ule umejengwa kwa miaka mingi ya mazoezi na chakula. Huwezi kuuiga kwa miezi miwili ya kulala njaa.

Lakini mtu mwepesi si anapanda mlima vizuri zaidi?

Ndiyo, na sitakudanganya. Kukimbia kunagharimu karibu kalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, na mji wetu wote ni milima, kwa hiyo mafuta ya ziada unayabeba kila hatua. Ila mwili unaonyimwa chakula haupunguzi mafuta peke yake. Unakula na misuli, akiba ya wanga inakwisha, damu inapungua nguvu. Wiki chache za mwanzo unaweza kweli kukimbia kasi zaidi, na hiyo ndiyo inayowapoteza wengi: wanaona muda wao wa mbio umepungua, wanazidi kujinyima. Baadaye miguu inakuwa mizito, usingizi unakatika, mafua hayaishi, na mfupa wa muundi unaanza kuuma mahali pamoja.

Uzito wako wa mashindano ni ule ambao mwili unaufikia wenyewe ukiwa unakula vya kutosha, unafanya mazoezi vizuri na huna ugonjwa. Mara nyingi ni eneo la kilo 2 au 3, haiwi namba moja.

Nitajuaje kama ninakula kidogo mno?

Tupige hesabu. Chukua kijana wa kilo 60 ambaye mafuta ni asilimia 10 ya mwili wake. Zinabaki kilo 54 za misuli, mifupa na viungo. Wataalamu wa lishe ya michezo wanasema kila kilo ya hizo inahitaji karibu kalori 45 kwa siku, baada ya kutoa zile zilizotumika kwenye mazoezi. Hiyo ni 2,430. Akikimbia kilomita 15 ametumia nyingine 900. Jumla inapita 3,300.

Sasa angalia anachokula: asubuhi chai na mandazi mawili, mchana ndizi na karanga za kushika mkononi, jioni sahani moja ya bugali na sombe (majani ya muhogo). Tuseme kalori 1,800. Toa 900 za mbio, zimebaki 900 za kuendesha mwili mzima, yaani chini ya 17 kwa kila kilo. Ikishuka chini ya 30 kwa muda mrefu, mwili unaanza kuzima kazi zake moja moja. Na kijana huyu hajaamua kujinyima. Anakula kama nyumbani wanavyokula, ila nyumbani hakuna mwingine anayekimbia kilomita 15.

Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii jina rasmi, upungufu wa nishati katika michezo, na ikasema wazi kwamba inawapata wanawake na wanaume.

Sijapata hedhi tangu miezi minne. Wenzangu wanasema ni dalili ya mazoezi mazuri.

Hapana, mdogo wangu. Naomba usiendelee kuamini hivyo hata wiki moja. Ubongo ukiona chakula hakitoshi, unapunguza homoni za uzazi, na estrojeni, mojawapo ya homoni hizo, ikishuka mifupa inakosa mlinzi wake. Mifupa hujengwa zaidi kabla ya miaka 20, hivyo unachopoteza sasa si rahisi kukirudisha chote.

Mkimbiaji wa Marekani Mary Cain alishiriki mashindano ya dunia ya mwaka 2013 akiwa na miaka 17. Mwaka 2019 alieleza hadharani kwamba alisukumwa azidi kupungua, akakosa hedhi miaka mitatu na akavunjika mifupa mitano.

Hedhi ikikosekana miezi mitatu, nenda kituo cha afya. Watapima kwanza mimba, kisha mengine. Binti aliyefika miaka 15 bila kuanza hedhi naye aende. Kama unatumia sindano ya uzazi wa mpango, sindano yenyewe inaweza kukata hedhi, kwa hiyo mwambie muuguzi mapema.

Na wanaume?

Wanaume hawana alama ya kila mwezi, ndiyo maana wanachelewa kugundua. Hamu ya tendo la ndoa ikipotea, hasira zikiwa karibu, baridi isipokutoka, anza kuongeza chakula.

Pesa ya nyama kila siku sina. Nile nini?

Hapa Bukavu tuna bahati ya ziwa. Sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, unawala wazima, kichwa na mifupa yote, ndiyo maana wanakupa protini na kalisi (madini ya mifupa) kwa pamoja. Kwa mkimbiaji sioni kitoweo kinachowapita kwa bei hiyo. Bugali ya muhogo mtupu inashibisha lakini protini yake ni kidogo sana, changanya na unga wa mahindi na usiiache bila maharage. Asubuhi, uji wenye soya ni bora kuliko chai ya rangi. Ongeza avoka na karanga, vina nguvu nyingi katika kipimo kidogo. Kama umepungukiwa, kula chakula kidogo ndani ya saa moja baada ya mazoezi, hata viazi vitamu vya jana.

Chai iache hadi saa moja baada ya chakula. Inazuia madini ya chuma, yanayojenga damu, ya lengalenga (mchicha) na maharage yasiingie mwilini, na sisi tunaougua malaria mara kwa mara hatuwezi kuyapoteza hivyo. Limau au nyanya mbichi kando ya sahani inasaidia yaingie.

Daktari mwenyewe amesema nipunguze. Nifanyeje?

Fanya mbali na msimu wa mashindano, nusu kilo kwa wiki isizidi. Punguza soda, pombe na vya kukaanga vya jioni, lakini chakula cha kabla na baada ya mazoezi usikiguse. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya choo, kwenye mzani uleule. Uzito wa jioni unaweza kupita wa asubuhi kwa kilo nzima na hauna maana yoyote. Kama una chini ya miaka 18, usianze peke yako, hata kocha akisisitiza.

Wiki ya mashindano, nipunguze chakula?

Ongeza wanga, punguza mazoezi. Mzani utapanda labda kilo moja, kwa sababu kila gramu ya wanga inayohifadhiwa kwenye misuli inashika karibu gramu 3 za maji. Wanga huo ndio utakaokupa nguvu ya kukimbia. Siku yenyewe kula masaa matatu kabla ya kuanza, chakula ulichokizoea.